Kulea Vipepeo na Watoto: Anzia kwenye Mlimau wa Uani

Ukiwaambia watoto kwamba mtalea vipepeo, jambo la kwanza watakalofanya ni kuwakimbiza wale wanaoruka. Wazuie mapema. Kipepeo mzima akifungiwa kwenye chupa hujipigiza huku na huko mpaka unga wa mabawa yake unapukutika, na asubuhi mtoto huamka akamkuta amekufa. Kulea vipepeo kunaanza na jani, kwa sababu kila aina ya kipepeo ina mimea yake michache ambayo viwavi wake huila. Mingine yote hawaigusi. Kiwavi anaweza kufa njaa juu ya rundo la mchicha mbichi. Ukishalijua jani, nusu ya kazi imekwisha, na nusu iliyobaki watoto wanaiweza wenyewe.

Kwa mtu anayeishi Kingolwira, Morogoro, jani hilo halihitaji safari. Angalia uani kwako au kwa jirani: mlimau, mdimu, mchungwa, mchenza. Miti hiyo ndiyo hutagiwa na kipepeo mmoja mkubwa, mweusi, mwenye madoa mengi ya manjano hafifu, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus. Akitandaza mabawa hufika sentimita 10 hadi 13, na kwenye mabawa ya nyuma ana alama za mviringo zenye wekundu na buluu, zinazofanana na macho. Anapatikana karibu kila mahali Afrika kusini mwa Sahara. Kwa familia inayoanza, huyu ndiye ninayemshauri kuliko wote. Ni mkubwa, kwa hiyo hata mtoto wa chekechea anaona kila hatua. Kiwavi wake hana manyoya ya kuwasha. Na chakula chake kipo mwaka mzima bila kununua.

Wakati mzuri ni wiki chache baada ya mvua kuanza, mti unapochipua majani mapya mororo. Kwa upande huu wa Morogoro hiyo ina maana ya vuli, kuanzia Oktoba au Novemba, na masika ya Machi hadi Mei. Likizo ya Desemba inaangukia pazuri sana: shule zimefungwa, milimau imechipua, na watoto wako nyumbani mchana kutwa wakitafuta la kufanya.

Msitafute porini wala kwenye mashamba ya mkonge. Simameni chini ya mlimau mwanga ukiwa mzuri, mtazame ncha za matawi yaliyo usawa wa macho. Jike hutaga yai mojamoja, si kwa mafungu. Yai ni la mviringo, la manjano hafifu, lina ukubwa wa kama milimita moja, na huwekwa kwenye jani changa. Mkibahatika kumwona jike mwenyewe akitaga, waambie watoto wanyamaze na watazame miguu yake ya mbele: anaigongagonga juu ya jani. Anaonja. Vipepeo wana viungo vya kuonjea miguuni, na hivyo ndivyo jike anavyohakikisha kwamba huu ni mlimau kabla hajaacha yai lake.

Kiwavi mchanga huwapita watu wengi machoni kwa sababu anafanana na kinyesi cha ndege: kahawia iliyokolea na mabaka meupe, amelala wazi juu ya jani. Ndege naye hudanganyika hivyohivyo. Mfundishe mtoto kutilia shaka kila kinyesi cha ndege kilichokaa juu ya jani la mlimau, na atawapata kabla yako.

Pengine uani kwako hakuna mti wowote wa jamii hiyo. Basi nenda kwenye kitalu cha miche ya matunda. Mwenye kitalu anamjua kiwavi huyu kama adui, na ana haki. Mche mdogo wa mchungwa unaweza kumalizwa majani yote na viwavi wawili watatu, ilhali mti mkubwa hausikii chochote. Mwombe akupe wale ambao angewaua. Ila muulize kwanza swali hili, tena kwa adabu: umepulizia dawa lini? Kama amepulizia juzi, usichukue viwavi wala jani. Swali hilohilo liulize kila mahali unapokata majani, hata kwa shangazi yako. Dawa ya wadudu haionekani, na jani lenye dawa huua kundi zima kwa siku moja.

Idadi? Viwavi wanne au watano wanatosha kwa familia. Mtoto atataka kumi na tano, lakini kiwavi aliyekaribia kukomaa hula majani kadhaa makubwa kwa siku, na wakisongamana magonjwa huja haraka. Mkate tawi dogo lenye yai au kiwavi, wala msimbandue kwa vidole. Kiwavi aliyeshika jani amejifunga kwa nyuzi nyembamba za hariri. Ukimvuta unamjeruhi miguu. Mkasi ashike mtu mzima, maana mlimau una miiba.

Nyumba yao

Vifaa vya kununua havihitajiki. Tenga la nyanya, lile la fito linalojaa sokoni Morogoro, likisimamishwa wima ni nyumba nzuri sana: lina hewa, lina fito za kupandia, na mtoto anaona ndani. Lioshe kwanza kwa sabuni mara mbili na kulianika juani, maana nyanya hupuliziwa dawa nyingi shambani. Kisha livike kitambaa cha matundu madogo, kama pazia jepesi la dirishani au shela iliyochakaa, ukafunge juu kwa kamba ili mweze kufungua kila siku. Kimo kisipungue sentimita 40 hivi, kwa sababu siku ya mwisho kipepeo atahitaji nafasi ya kuning'inia na kukunjua mabawa.

Hapa nakuomba usome polepole. Usitumie chandarua cha mbu. Vyandarua vinavyogawiwa kliniki na shuleni vimewekwa dawa inayoua wadudu, na dawa hiyo haichagui kati ya mbu na kiwavi. Hata kilichofuliwa mara nyingi au kilichotoboka bado kinaweza kuwa na dawa ya kutosha kuwaua. Watu wazima wenye nia njema kabisa huharibu kazi yote kwa kitambaa hicho kimoja. Chandarua cha mtoto kibaki kitandani kwake, kinamkinga malaria. Kwa sababu hiyohiyo, tenga lisikae chumbani mnamopulizia dawa ya mbu au kuchoma ile ya moshi. Na mtoto aliyejipaka dawa ya kufukuza mbu aoshe mikono kwa sabuni kabla hajagusa majani.

Mahali pazuri ni barazani: kivuli, hewa inapita, mwanga wa kawaida wa mchana na giza la kawaida la usiku. Jua la saa nane mchana likilipiga tenga moja kwa moja, viwavi watakauka. Kuwalea nje, katika mwanga na joto lilelile watakaloishi nalo, kuna faida nyingine. Huko Marekani familia nyingi hulea vipepeo aina ya monaki, ambao kabla ya majira ya baridi husafiri maelfu ya kilomita kwenda Mexico. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba monaki waliozalishwa kibiashara kwa vizazi vingi hawakuelekea kusini walipopimwa, na hata waliotokana na wazazi wa porini, walipolelewa ndani ya chumba, walipoteza mwelekeo huo. Kipepeo wetu wa mlimau hana safari ya namna hiyo, lakini mimi nimeshika fundisho lake: tuwalee karibu na hali ya asili kadiri tuwezavyo, na tusiwazalishe kizazi baada ya kizazi ndani ya tenga.

Ndani ya tenga weka chupa ndogo ya maji yenye mdomo mwembamba, uchomeke humo matawi ya mlimau ili majani yasinyauke. Ziba nafasi iliyobaki mdomoni kwa pamba au kitambaa, la sivyo viwavi watashuka na shina mpaka majini na kuzama. Maji hayo yabadilishwe kila siku. Hutaki kufuga mbu pembeni ya vipepeo. Chini tandika karatasi.

Maadui wakubwa wa barazani ni sisimizi. Wakishapata njia, usiku mmoja wanamaliza mayai na viwavi wachanga wote. Tundika tenga kwa kamba kwenye boriti, kamba uipake mafuta ya mgando. Au liweke juu ya kigoda ambacho kila mguu umesimama ndani ya kopo lenye maji, na makopo hayo nayo yamwagwe na kujazwa upya kila siku. Mijusi na kuku wataona kitambaa tu wataacha, mradi hakijatoboka.

Kazi za watoto

Kila mtoto apewe tawi lake na jukumu lake. Mmoja akusanye majani asubuhi, mwingine abadilishe karatasi, mwingine abadilishe maji. Mtoto wa miaka sita anaweza yote hayo. Majani yaoshwe kwa maji safi, yakung'utwe, na yawekwe yakiwa makavu. Majani yenye matone huleta uvundo. Kuhamisha kiwavi kwenda tawi jipya si kumshika: weka tawi bichi likigusana na la zamani, atahamia mwenyewe akiona njaa.

Kinyesi cha viwavi kitawashangaza kwa wingi wake. Ni vidonge vikavu, vyeusi au vya kijani kibichi kilichokolea, na vinafaa kumwagwa chini ya mlimau uleule. Usiruhusu vibaki ndani zaidi ya siku moja, hasa wakati wa mvua, kwa sababu ukungu unaanzia hapo. Kidonge kikavu ni dalili ya afya. Kikiwa majimaji, na kiwavi amelegea na kuanza kuwa mweusi, ni ugonjwa. Mtoe huyo mara moja pamoja na tawi lake, uwahamishe wengine kwenye majani mapya, na tenga lisuguliwe kwa sabuni na kuanikwa.

Wanunulie daftari la mistari na waachie rula ndogo. Kila jioni waandike tarehe, urefu wa kiwavi, na walichokiona, kwa maneno yao. Anayeshindwa kuandika achore. Wewe usiwe mwepesi wa kujibu. Mtoto akiuliza kwa nini kiwavi hali leo na amekaa tuli, mwambie aangalie kesho. Kesho yake atakuta ngozi iliyokunjamana kama soksi na kiwavi aliyebadilika, na atakuwa amegundua mwenyewe kwamba kiwavi hujivua ngozi. Hufanya hivyo mara nne kabla ya kuwa pupa, na kila mara hutulia hivyo kwa muda. Akiwa ametulia asisumbuliwe hata kidogo. Asihamishwe, tenga lisitikiswe. Mara nyingi hula ngozi aliyoivua, kama alivyokula ganda la yai lake siku ya kwanza. Waache waone.

Siku moja watakuta yule aliyefanana na kinyesi cha ndege amegeuka kijani, mnene, na mabaka ya kahawia ubavuni. Hapo ndipo mchezo mkubwa unakuja. Mtoto akimgusa kidogo nyuma ya kichwa kwa unyasi, kiwavi atatoa ghafla pembe mbili laini za rangi ya machungwa, zenye harufu kali. Ni silaha dhidi ya sisimizi na maadui wengine, na haimdhuru mtu. Watoto watataka aitoe kila dakika. Waruhusu mara moja kwa siku, au usiwaruhusu kabisa baada ya wote kuona, maana kiwavi anapoteza nguvu bure.

Viwavi wengine si wa kuchezewa. Wenye manyoya au miiba wanaweza kuwasha na kuvimbisha ngozi vibaya. Watoto wajue tangu siku ya kwanza kwamba hao wanatazamwa kwa macho peke yake.

Kutoka yai hadi kuanguliwa ni siku nne hadi sita, kulingana na joto. Ukiwavi huchukua kama wiki tatu hadi nne. Mwisho wake utaujua kwa mambo mawili: kiwavi anatoa kinyesi cha majimaji mara moja, na kisha anatangatanga tenga zima kama aliyepoteza kitu. Hiyo si ile dalili ya ugonjwa niliyoitaja. Huyu ana nguvu zake zote, anasafisha tumbo na kutafuta mahali pa kujifunga. Weka vijiti vikavu vilivyosimama. Atachagua kimoja, atajigandisha mkia kwa hariri, kisha atajizungushia uzi mmoja kiunoni na kuegemea, kichwa juu. Baada ya siku moja hivi atajivua ngozi kwa mara ya mwisho, na kilichobaki ni pupa: kijani kama yuko kati ya majani, au kahawia kama kijiti kilichokauka.

Sasa watoto watachoka. Pupa hasogei, halishwi, na anakaa wiki mbili au tatu. Daftari likiwekwa pembeni usigombe. Muhimu ni pupa asihamishwe, na mara moja kwa siku mbili tenga linyunyiziwe maji kidogo kwa mkono kama ni kiangazi. Akichelewa usimtupe. Wengine hungoja muda mrefu zaidi, hasa kukiwa na ubaridi na ukavu. Pupa aliyekufa huwa mwepesi, mweusi kote, au ana tundu dogo ubavuni.

Yale wasiyotaka kuyaona

Tundu hilo nalieleza peke yake, kwa sababu ndilo litakalowaliza. Kuna nyigu wadogo sana, na nzi fulani, ambao hutaga mayai yao juu au ndani ya kiwavi akiwa bado mtini. Watoto wao hukua humo wakimla polepole, na badala ya kipepeo hutoka vijinyigu au nzi. Wazazi wengi, kwa huruma, hutupa pupa huyo usiku na kusema kipepeo ameshaondoka. Nakusihi usifanye hivyo. Mtoto wa Kingolwira ameona kuku akichinjwa na mbuzi akizaa. Analiweza jambo hili likielezwa sawasawa. Mwonyeshe tundu. Mwambie kwamba nyigu hao ndio wanaozuia viwavi kumaliza kila mlimau kijijini, na kwamba jike hutaga mayai mengi kwa sababu wengi hawafiki. Kisha mwache anune siku nzima. Ukichukua mayai badala ya viwavi wakubwa utaona mkasa huu mara chache, kwa kuwa nyigu wengi wanakuwa hawajawahi kuwafikia.

Siku ya kutoka

Siku moja kabla, ganda la pupa hukonda na kuonyesha rangi za mabawa ndani yake. Waamshe watoto mapema, kwa sababu mara nyingi hutoka asubuhi. Ganda hupasuka karibu na kichwa, na anayetoka hafanani na kipepeo: tumbo nene, mabawa madogo yaliyokunjamana na kulowa. Atapanda juu na kuning'inia, na kwa dakika kumi au ishirini atasukuma maji ya mwili ndani ya mabawa mpaka yanyooke. Hapo ndipo mkono wa mtu huharibu kila kitu. Akishikwa, au akianguka na kukosa pa kuning'inia, mabawa hukauka yakiwa yamekunjika na hatoruka maisha yake yote. Kama ameanguka, mpe kijiti ashike mwenyewe, kisha ukisimamishe.

Atadondosha maji ya rangi ya kahawia au mekundu. Si damu, ni taka iliyobaki tangu alipokuwa pupa. Ukiwaambia kabla, hakuna atakayepiga kelele.

Mpeni saa tatu au nne mabawa yakauke, kisha toeni tenga nje na mfungue kitambaa jua likiwa limewaka, upepo si mkali. Pelekeni tenga mpaka chini ya mlimau mlikomtoa. Mtu akipendekeza mmbebe mpaka mjini au kwa ndugu Dar es Salaam mkamwachie huko ili mpige picha nzuri, kataeni. Kipepeo aliyeachiwa alikozaliwa amepata hali ya hewa inayomfaa, wenzake wa kujamiiana nao, na majani ya watoto wake; na kama ana ugonjwa, hajaupeleka kwa wengine. Mtoto anaweza kumwekea kidole mbele ya miguu, naye atapanda. Asishikwe mabawa. Anaweza kuruka palepale, anaweza kukaa nusu saa akiota jua.

Kama mvua inanyesha mchana kutwa, abaki ndani ya tenga mpaka kesho. Siku ya kwanza hahitaji chakula. Ya pili mpeni maji yenye sukari, kijiko kimoja cha sukari kwa vijiko kumi vya maji, yaliyolowesha pamba ndani ya kifuniko cha soda. Bora zaidi ni maua mabichi. Watu watakushauri upande lantana kwa ajili ya vipepeo, na kweli wanaipenda, lakini ni mmea vamizi unaosonga mashamba na misitu yetu, usiupande.

Zaidi ya mlimau

Wakishafanikiwa na mlimau, watoto wenyewe watauliza juu ya wengine. Viwavi wa kijani wanaofanana na jani, walioko kwenye miti ya jamii ya mjohoro, hugeuka vipepeo weupe au wa manjano, Catopsilia florella, ambao huonekana wakipita makundi kwa makundi wakihama. Kwenye magugu yenye utomvu mweupe, ya jamii ya Calotropis na Gomphocarpus, kuna kiwavi mwenye milia myeusi, myeupe na ya manjano, na nyuzi nyeusi jozi tatu mgongoni. Huyo ni Danaus chrysippus, kipepeo wa rangi ya chungwa ambaye ndege wengi hawamli, kwa sababu akiwa kiwavi anaweza kujilimbikizia sumu ya mmea huo. Kuna kipepeo mwingine, jike wa Hypolimnas misippus, aliyevaa rangi zilezile bila kuwa na sumu yoyote. Kwa watoto wa darasa la tano au la sita hili ni somo la mwezi mzima. Ila utomvu wa mimea hiyo ukiingia machoni ni hatari. Akate mtu mzima, na mikono ioshwe.

Milima ya Uluguru unayoiona ukiwa Kingolwira ina vipepeo wa msituni wazuri kuliko wote hao. Waacheni huko. Sehemu kubwa ya msitu ule ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu mwaka 2008, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na hakuna kuchukua kiumbe bila kibali. Hata bila sheria, kipepeo aliyezoea kivuli na ubaridi wa juu milimani hana maisha katika joto la huku chini, kwenye karibu mita 500 tu kutoka usawa wa bahari.

Wapo watu waliofanya kazi hii kwa riziki. Gede, pwani ya Kenya, mradi uitwao Kipepeo ulianza mwaka 1993 ukiwasaidia majirani wa msitu wa Arabuko-Sokoke kulea pupa na kuwauza ng'ambo kwa nyumba za maonyesho. Hapa Tanzania, wanavijiji wa Amani katika Usambara Mashariki walifanya vivyo hivyo kwa miaka mingi, mpaka serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016 na soko lao likafungwa. Kule Zanzibar, Pete karibu na msitu wa Jozani, kuna kituo ambapo mgeni huingia ndani ya bustani iliyofunikwa wavu na kutembea kati ya vipepeo. Ukienda huko na watoto, waache waongee na wafugaji. Watakuwa na maswali ya watu wa fani moja. Lakini kijana akianza kupiga hesabu za kuuza pupa, mweleze wazi kwamba biashara hiyo ina vibali vyake na si kazi ya tenga la barazani.

Mkishawaachia wote, toeni maganda ya pupa muyabandike kwenye daftari kwa gundi. Fueni kitambaa, sugueni tenga, na liachwe juani siku mbili kabla ya kuwekwa stoo. Mlimau upumzishwe, msichukue mayai mengine mpaka uchipue tena. Na kama mlikata matawi mengi upande mmoja, mwagieni mti maji na mbolea ya samadi ndoo moja, hasa ikiwa ni wa jirani.